Kibali cha Kutembea Tabora

— Pole sana, mwalimu.

Odeta aliinua pasi ya mkaa kutoka kwenye suruali ya mumewe, akaiweka juu ya tofali. Uani walikuwa wamesimama wanawake watano wa jumuiya ya kanisa, mizigo ya kuni kichwani, vitenge wamevikaza kiunoni. Walionekana wamekuja kwa kazi ya kutwa.

— Asanteni, mama zangu. Pole ya nini?

Wakatazamana. Mmoja akamfinya mwenzake.

— Hajaambiwa.

— Sijaambiwa nini?

Mama Emelyne, jirani wa nyumba ya pili, akatua kuni zake chini taratibu.

— Keti kwanza, mwanangu.

— Siketi. Niambieni nikiwa hivihivi.

— Shangazi yako Libérate, yule wa Tabora. Mungu amemchukua.

Akashika mlango. Lakini Odeta alikuwa mwalimu wa historia, darasa la nne na la tano, na kichwa chake kilikuwa na tabia mbaya ya kuuliza tarehe.

— Amefariki lini?

— Juzi, ndivyo tulivyosikia.

— Nani kawaambia?

— Arcade, karani. Ametangaza asubuhi hii kwenye jumuiya. Yeye kaambiwa na mumeo, jana, alipokwenda ofisini kuomba kibali.

Jana. Jana hiyohiyo Pontien alirudi nyumbani anapiga mluzi. Alikula ugali na samaki wa ziwani kutoka Kapalamsenga mpaka akalamba vidole, halafu akasema wakifika Tabora atamkalisha mkewe kwenye kiti cha hoteli, mguu juu ya mguu, soda ya baridi mkononi. Mtu mwenye msiba kifuani hali namna ile. Odeta akaachia mlango.

Safari hiyo, jamani, ilikuwa ahadi ya uchumba. Mwaka tisini na mbili, Pontien akiwa fundi baiskeli asiye na hata pampu yake, alimwambia Odeta: ukinikubali, nitakupeleka Tabora ukaone yale unayoyafundisha. Odeta akakubali. Misimu mitatu ya tumbaku ikapita, kila mwaka kuna linalozuia. Mwaka huu, tisini na tano, alisema imetosha. Alichukua daftari la mistari akapanga siku nne. Siku ya kwanza stesheni waliyoijenga Wajerumani na mitaa ya zamani. Siku ya pili Kwihara, kwenye tembe walikofikia wapelelezi wa Kizungu enzi za misafara ya pembe. Siku ya tatu Boma. Siku ya nne hakuandika kitu, akachora viti viwili tu. Shangazi Libérate, dada wa marehemu baba yake aliyeolewa na mfanyakazi wa reli, angewapa chumba cha kulala.

Kilichobaki kilikuwa kibali. Wakimbizi wa Burundi na watoto wao hawakuruhusiwa kutoka makazini bila karatasi: jina, kijiji, unakokwenda, siku ngapi, sababu ya safari. Sababu zilijulikana na kila mtu, nazo zilikuwa ugonjwa, msiba na masomo. Odeta alimwambia mumewe mara mbili aandike ukweli. Sasa ukweli ulikuwa umesimama uani na kuni.

Kilio kilisikika kutoka barabarani. Alikuwa mama yake, Marta, anashikiliwa na wanawake wawili, kilemba kimemwangukia shingoni.

— Yoo, Libérate. Wifi yangu. Nimetoka naye Burundi, tumevuka mto naye, nani atanikumbusha kwetu sasa? Odeta, mwanangu, tumebaki na nani?

Odeta alimpokea, akamkalisha kwenye mkeka. Mdomo ulikuwa umeshafunguka aseme ndipo Pontien alipotokea na baiskeli. Aliwaona watu, akaruka chini kabla baiskeli haijasimama.

— Njoo nyuma ya nyumba, alisema Odeta.

Walisimama kwenye shamba la mihogo, uso kwa uso.

— Pontien, shangazi yangu amekufa lini?

Pontien aligeuka kutazama mihogo.

— Nakuuliza wewe. Alikufa kwa ugonjwa gani?

— Odeta, sikiliza kwanza...

— Ameshazikwa au wanatusubiri?

— Hajafa.

— Najua hajafa. Nataka nijue nani kamuua.

Pontien alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

— Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu. Arcade akaniuliza sababu ya safari. Nikamwambia, tunakwenda kutembea mimi na mke wangu. Akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Na foleni yote ikacheka. Akasema, shemeji, hiyo haipo, nipe nyingine. Basi ikanitoka tu.

— Ikakutoka shangazi yangu.

— Ndiye mtu pekee tunayemjua Tabora.

— Ndiye tunayekwenda kulala kwake, Pontien. Ungenipeleka kwa marehemu akanipikie chai?

Angekuwa mtu mwingine angecheka. Odeta hakucheka.

— Niliua jina tu, kwenye karatasi.

— Karatasi hiyo imeingia nyumbani kwangu. Unasikia anayelia pale? Ni mama yangu. Hayo siyo machozi ya karatasi.

Pontien alitoa kibali kwenye mfuko wa shati. Kilikuwa na majina mawili, siku saba na muhuri wa zambarau.

— Treni ni keshokutwa Alhamisi. Tunyamaze siku mbili tu, mke wangu. Tukirudi tutasema walikosea, kumbe alikuwa mgonjwa, amepona.

Kabla hajamjibu, Arcade alizunguka kona ya nyumba. Alikuwa karani wa ofisi ya makazi na mwenyekiti wa jumuiya pia, mtu mwema anayependa mambo yaende kwa utaratibu.

— Poleni tena, wafiwa. Jumuiya imekaa. Watu watatu watawasindikiza Tabora, na Mama Marta wa nne. Kesho asubuhi nawaombea vibali. Mwalimu, marehemu alikuwa akisali parokia gani?

Odeta alimgeukia mumewe. Akashusha sauti.

— Utasema wewe au nitasema mimi?

— Odeta, nakuomba. Watanifungia vibali. Spea zangu zote nanunua Mpanda mjini. Wakinifungia, kazi imekwisha.

— Kwa hiyo mama yangu apande treni akamlilie mtu atakayemkuta anafagia uwanja?

Pontien aliinamia viatu vyake. Odeta akampita, akampita na Arcade, akaenda kusimama katikati ya uwanja. Moto ulikuwa umeshawashwa, sufuria ya maharage juu yake.

— Mama zangu, nisikilizeni. Shangazi Libérate hajafa. Yuko hai. Hakuna msiba hapa.

Kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri.

— Tulikuwa tunaomba kibali cha kwenda kutembea. Tuliogopa kusema hivyo. Tukasema msiba.

— Siyo tuliogopa, sauti ya Pontien ilisema nyuma yake. Alikuwa amekuja, kofia mkononi. — Ni mimi niliyeogopa. Mwalimu alinikataza mara mbili. Uongo ni wangu peke yangu.

Odeta aliingia ndani akatoka na barua iliyofika wiki iliyopita, akamsomea mama yake mbele ya wote:

"Odeta mwanangu, amani iwe nanyi. Chumba cha uani nimekipaka chokaa. Treni ikifika mtanikuta stesheni, nimevaa kitenge cha bluu. Msihangaike na zawadi, nileteeni maharage ya huko tu, ya hapa hayaivi. Sisi ni wazima, mguu ndio unanisumbua. Mwambie mama yako nimemkumbuka. Mimi shangazi yako, Libérate."

Marta aliichukua barua, akaishika kifuani. Kisha akamtazama mkwewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi, maana kwao mkwe hatazamwi machoni.

— Nimelia tangu asubuhi, mkwe wangu. Nimeona kaburi la wifi yangu. Hayo utayafuta na nini?

— Nisamehe, mama.

— Sijui. Usiniulize leo.

Wanawake walianza kujitwika kuni zao. Mmoja alirudia maneno "kwenda kutembea" polepole, kisha akasonya. Mwingine akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mwalimu ana kichwa kikubwa, wenzake wanaomba kibali cha hospitali, yeye anataka kwenda kuangalia nyumba mbovu. Odeta alimsikia.

— Ndiyo, mama. Nyumba mbovu ndizo ninazozitaka, alimjibu.

Arcade alinyoosha mkono.

— Nipe kibali hicho, shemeji. Mimi nimekiandika kwa mkono wangu. Kesho asubuhi, nyie wawili, mbele ya mkuu.

Uwanja ulipobaki mtupu, Pontien alikaa kwenye kizingiti.

— Safari imekufa, alisema.

— Hapa hakijafa kitu, alisema Odeta. Alichukua pasi, akaipuliza mkaa, akarudi kwenye suruali. — Kesho tunaomba upya, na sababu ni ileile ya kwanza. Na usinisemeshe, bado nina hasira na wewe.

Mkuu wa makazi aliitwa Kasimiri, Mfipa wa makamo, mpole, aliyependa karatasi zake ziwe zimenyooka. Asubuhi ya pili, ofisini, alisikiliza habari yote mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akakichana kibali mara mbili, akaweka vipande kwenye droo.

— Mwalimu, wewe hukudanganya. Ukitaka kwenda kumwona shangazi yako nitakuandikia sasa hivi. Mumeo haendi popote.

— Siendi kumwona shangazi tu, mzee. Nakwenda kutembea na mume wangu, siku nne.

— Kutembea.

— Ndiyo, mzee.

— Mwalimu, mimi nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na moja. Mkimbizi hatembei. Mkimbizi anakwenda na anarudi.

— Nimekimbia nini, mzee?

Kasimiri aliinua macho.

— Baba yangu alikimbia. Mama alikimbia na mimba yangu. Mimi nimezaliwa kijiji namba saba, sabini na tatu, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Niambie, mimi nimekimbia nini?

Arcade alijifanya anatafuta wino.

— Sheria sikuitunga mimi, alisema Kasimiri.

— Sikulaumu. Nionyeshe tu kwenye fomu palipoandikwa kutembea ni marufuku.

Kasimiri aliichukua fomu, akavaa miwani, akaisoma juu mpaka chini, akageuza nyuma ambako hakukuwa na kitu. Akaiweka.

— Wewe nitakuandikia. Yeye hapana. Amedanganya ofisi.

— Basi na mimi usiniandike. Nitakaa pale barazani mpaka tuandikwe wawili.

— Utakaa sana.

— Shule imefungwa, mzee. Nafasi ninayo.

Na kweli akakaa. Jumatano yote alikaa kwenye benchi la baraza na daftari lake, watu wakipita wanamkata jicho. Pontien alikaa ncha ya pili ya benchi, hawasemeshani. Alhamisi Pontien alikuja na vifaa vyake vya kazi, akageuza baiskeli ya kwanza juu chini palepale barazani, maana mtu lazima ale. Mchana, mlio wa treni ulisikika kutoka upande wa Mpanda. Wote wawili waliinua vichwa.

— Ndiyo hiyo, alisema Pontien.

— Ndiyo hiyo, alisema Odeta. Ipo nyingine Jumamosi.

Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu tangu Jumanne. Pontien alisogea nusu benchi.

— Nilipoona foleni inacheka, nilikuonea aibu wewe. Nikasema, mke wangu wamcheke kwa nini?

— Wangenicheka. Nachekwa na wanafunzi arobaini na nane kila siku, sijafa. Wewe ndiye uliyenionea aibu, Pontien, na hilo ndilo linaloniuma. Ulisema jambo letu kwa mdomo wako, wakacheka, ukalikana palepale.

Pontien alirudi kwenye gurudumu. Alifunga nati, akaifungua, akaifunga tena.

Saa nane Marta alitokea na kapu. Alitoa sahani moja ya wali wa mchele wa Majimoto na mboga, akaiweka katikati ya benchi bila kumtazama mkwewe wala kumsalimia. Alipokwisha kuondoka, Odeta aliona kwenye sahani kuna vijiko viwili. Alichukua kimoja, akasukuma kingine kwa mumewe.

Kasimiri alikuwa ametoka kunyoosha miguu. Aliwatazama wanavyokula, akavuta kiti.

— Mwalimu, niambie kweli. Tabora kuna nini? Mimi nimepita pale. Kuna vumbi kama hapa.

Odeta alimeza kwanza.

— Mzee, kanisa letu lina umri gani?

— Miaka ishirini na kidogo.

— Shule?

— Hivyohivyo.

— Barabara, kisima, ofisi yako hii, makaburi. Kaburi la kwanza pale ni la mwaka niliozaliwa. Kila ninachokiona tangu nizaliwe ni rika langu. Nafundisha watoto historia, na sijawahi kugusa ukuta ulionizidi umri. Nataka niuguse. Niwe na huyu niliyeolewa naye, siyo na mwalimu mkuu wala na padri. Basi, ni hilo tu.

Kasimiri alitazama mikono yake.

— Kwetu kijijini, alisema mwishowe, kuna jiwe la kusagia la bibi yake bibi yangu. Nikienda likizo nakaa juu yake. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu hana.

Akainuka, akaingia ndani. Pontien aliweka kijiko chini, akamfuata. Mlango ulibaki wazi, na Odeta alisikia kila neno.

— Mzee, nimedanganya ofisi yako. Nipe adhabu, lakini siyo hii.

— Unataka ipi?

— Nifungie vibali vya Mpanda. Miezi mitatu. Nisiende kununua hata mpira wa valvu. Hii moja tu niruhusu nimpeleke mke wangu.

— Utakula nini?

— Nitalima kibarua. Nilijua kulima kabla sijajua baiskeli.

— Mkeo kakutuma?

— Hajui. Bado ana hasira na mimi.

Kiti kililia, karatasi zikapekuliwa.

— Kesho asubuhi njoo upange foleni kama watu wengine, alisema Kasimiri. Sababu ukaiseme wewe, kwa sauti, siyo mwalimu.

Pontien alipotoka, Odeta alikuwa amesimama. Alimshika mkono palepale barazani, mbele ya watu waliokuwa wanasubiri, jambo ambalo mtu na mkewe kijijini hawafanyi, na hakuuachia mpaka walipofika nyumbani. Mama Emelyne aliwaona wanapita akasema mbona wanajishikashika. Odeta akamwambia, ndiyo, tunajishikashika.

Ijumaa foleni ilifika mpaka kwenye ua wa miti. Habari zilikuwa zimeenea vijiji vyote, na wengine walikuja kuangalia tu. Zamu yao ilipofika, Arcade alichovya kalamu kwenye wino.

— Majina ninayo. Mnakokwenda, Tabora. Siku nne. Sababu ya safari?

Pontien alikohoa. Nyuma yake mtu alianza kucheka puani.

— Kutembea, alisema. Mimi na mke wangu tunakwenda Tabora kutembea.

Kicheko kilipita kwenye foleni kama siku ile. Safari hii Pontien aligeuka, akawatazama mmoja mmoja, akawasubiri mpaka wakamaliza. Kisha akarudi kwa karani.

— Umeandika, shemeji?

Arcade alimtazama mkuu. Kasimiri alisogeza fomu na kalamu kwa Odeta.

— Mwalimu ana mwandiko mzuri. Aandike mwenyewe.

Odeta aliinama. Hakuandika haraka. Kasimiri aliigeuza fomu, akasoma, akagonga muhuri mara moja, kwa nguvu.

— Mkirudi, Alhamisi saa mbili asubuhi niwaone hapa. Na wewe, fundi, mwezi mmoja hutanunua spea. Siyo mitatu, nina baiskeli yangu pia.

— Asante, mzee.

— Nendeni. Wengine wanasubiri.

Walisogea pembeni. Aliyefuata alikuwa Séverine, mjane wa kijiji namba tatu, kitambaa kimefungwa shavuni. Arcade alikuwa ameshaanza kujaza kabla hajaulizwa chochote.

— Mpanda mjini, siku mbili, jino. Kama mwaka jana.

— Subiri, alisema Séverine.

Alifungua kitambaa kwa mikono miwili, akakikunja, akakitia kwapani. Shavu halikuwa limevimba.

— Mwaka wa tano huu nang'olewa jino, Arcade, na meno yangu yote ninayo. Futa hapo. Nina dada yangu mjini. Andika nakwenda kumwona, nimemkumbuka.

Foleni haikucheka. Arcade alishika kalamu hewani, akageuka kumtazama Kasimiri, na Kasimiri akawa ameshachukua muhuri mkononi.

— Umesikia alivyosema, alisema. Andika hivyohivyo.